Mfuko Bado Mzima

Jumamosi asubuhi nilikuwa soko la Kitale nikingoja kupimiwa maharagwe. Mbele yangu alikuwa dada mmoja mgeni kutoka Nairobi, aliyekuja kutembelea shangazi yake. Mama muuzaji alipochomoa mfuko mpya, mgeni alimzuia.

“Usinipe huo, mama. Tunajaza takataka bure. Niko na wangu, bado mzima.”

Akaufungua. Mkono wa mama ukabaki hewani na gorogoro, lile kopo la kupimia, lililojaa maharagwe. Alikuwa akitazama vumbi jekundu lililoganda kwenye mshono wa ndani.

“Hii umetoa wapi?”

“Kwa stoo ya shangazi.”

“Si hii ilikuwa ya mbegu ya mahindi. Hiyo nyekundu ni dawa ya kupaka mbegu, ni sumu. Umeshabebea chakula?”

“Jana. Unga wa posho.”

Mgeni alipiga simu, akaiweka kwa spika. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

“Shangazi, ule unga mmekula?”

“Bado. Maji ya uji ndiyo yanachemka saa hii, watoto wanangoja.”

“Mwaga unga wote. Tafadhali, shangazi, mwaga.”

Mgeni aliutupa mfuko jalalani akaondoka mikono mitupu. Sisi wa huku tunaijua rangi hiyo tangu utotoni, ndiyo maana hatukumbuki kumwonya mgeni.

Nilipomaliza kupimiwa nilipitia jalalani niuchome ule mfuko. Haukuwepo. Kuna mtu alipita, akaona bado mzima.