Kocha Aliyetutwangia Sombe

Nilicheza beki katika timu ya wanawake ya Baraka, miaka ile timu zote za kandokando ya ziwa zilipokuwa zikituogopa. Wa Uvira walikuja wakiimba, wakarudi kimya. Watu walisema tuna dawa. Siku moja kapiteni wao alimfuata kocha wetu, jasho halijamkauka, akamwuliza, "Mama, munatumia dawa gani? Sema tu."

Kocha wetu alikuwa mwanamke mpana aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni asubuhi na kutufundisha jioni. Hakucheka. "Babeki yangu banajuana toka batoto," alisema. "Ule wa goli akikohoa, banajua anataka nini. Mi siwabadilishe. Ni ile tu."

Ilikuwa kweli, ila hakusema ilivyomchosha. Timu nyingine zilipoteza wachezaji kila walipoolewa, zikaanza upya na wasichana ambao hawajui hata kupeana mpira. Kocha wetu alikataa kuanza upya.

Nilipoolewa, mama mkwe aliniambia mambo ya kukimbiakimbia na miguu nje yamekwisha. Kocha akaja, akavua viatu mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, sikukuya kumubeba," alisema. "Nimekuya kuomba. Saa kumi mpaka jua ianguke, basi."

"Na sombe yangu, nani atatwanga?"

"Mi."

Mama mkwe alidhani ni mzaha. Kesho yake kocha alifika kabla ya mazoezi, akakaza kitenge, akashika mchi akatwanga majani ya muhogo mpaka mikono ikawa kijani. Akarudi tena, na tena. Majirani walianza kuchungulia. Mwishowe mama mkwe akaona haya. "Achia pale," alimwambia. "Muende naye."

Golikipa wetu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akikaa kambini tangu utotoni. Alipozaa, kocha alimfunga mtoto mgongoni mwake na kutupigia filimbi hivyohivyo, mtoto amelala. Golikipa hakukosa msimu.

Halafu ndagala zikaadimika, na kocha akaanza kwenda Kilembwe kwa pikipiki kununua maharage ya kuuza. Jioni moja tulimsubiri kiwanjani, tukakimbia mizunguko yetu bila yeye. Mwenye pikipiki aliyekuwa amembeba alikuja moja kwa moja kwetu, miguu peku, suruali imechanika.

"Watu wa bunduki walitusimamisha mu pori," alisema. "Mi nilikimbia. Yeye alibakia anaongea nao. Kisha nikasikia masasi inalia."

"Na sasa kocha iko wapi?" golikipa alimwuliza.

"Iko kule. Ku barabara."

Wanaume walimleta kesho yake. Tulibeba jeneza sisi wenyewe, tumevaa jezi, na mama mkwe wangu alilia kuliko ndugu wa kocha.

Msimu haukungoja. Mfanyabiashara mmoja aliyeisaidia timu alituletea kocha mpya, kijana mwenye saa kubwa. Alisema tumezeeka. Aliniweka benchi pamoja na beki mwenzangu, akaleta wasichana wenye mbio kutoka Uvira. Mechi za kwanza walishinda, na watu wakampigia makofi. Nami nilipiga, kwa sababu walicheza vizuri.

Lakini mmoja alipata mimba, mwingine mume alimkataza, na hakuna aliyekwenda nyumbani kwao kukaa chini na kuongea. Mbele ya goli kila wiki kulikuwa na sura ngeni. Golikipa alipiga kelele na hakuna aliyegeuka. Mabao yakaingia. Mashabiki, walewale waliomwita golikipa "dada yetu", wakaanza kumwita mgeni, wakimwambia arudi kwao.

"We unawasikia?" aliniuliza akivua glovu.

"Wamekasirika tu."

"Hapana. Hawanijue tena."

Hakurudi kiwanjani. Baadaye nilisikia amevuka na mtoto wake kwenda Burundi, ambako hakuwa na mtu.

Kocha mpya naye aliondoka bila kuaga. Mechi yetu ya mwisho ilikuwa Mboko, na tulifika wanane. Walinirudisha uwanjani kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Refa alituangalia, akauliza kama kweli tunataka kucheza. Tukasema ndiyo. Mvua ilinyesha kipindi chote cha pili, na wale wa Mboko, walipoona hatuna nguvu tena, wakaanza kupasiana taratibu bila kutushambulia. Ile huruma yao iliniuma kuliko mabao. Tulirudi Baraka nyuma ya lori la muhogo, tumefunikwa na turubai moja, na wakati wa kushuka kila mtu alishika njia ya kwake.