Kikapu cha Wagaeli

Mwaka ule vitu vya jumba la makumbusho la Wagaeli, watu wa milima ya Uskoti, vilikuja kuonyeshwa Stockholm. Nikamtoa mama kwake Akalla, pembezoni mwa jiji, kwa sababu kiingilio kilikuwa bure. Niliuliza mara mbili. Mama akakwama mbele ya kikapu cha mgongoni.

“Kama kile changu cha Kivu,” akasema.

Nikambembeleza mlinzi amruhusu akishike dakika mbili. Nikashuka hadi moja. Mwishowe mzee wa watu akachoka, akageukia dirisha.

“Kishike sasa, mama.”

Akainamisha kichwa, kama mwenye kamba ya kikapu kwenye paji la uso, akangoja.

“Si kushika, baba. Kule jirani yangu ndiye aliyekuwa ananitwika. Hapa nani atanitwika?”

Nikasimama nyuma yake, nikainua mzigo usiokuwepo, nikamtwika.