Hema la Siku Tatu

Jotham Khaemba alikuwa afisa wa mipango katika ofisi moja mjini Kitale, na kazi ile ilikuwa imemwingia mwilini kama moshi unavyoingia kwenye koti. Hakwenda kunyoa bila ratiba. Mkewe Lenah, ambaye ni muuguzi, alizoea kusema kwamba siku nyumba yao itakaposhika moto, mumewe ataitisha kwanza kikao cha wadau.

Mwaka huu alikuwa na mpango mkubwa kuliko yote. Mwezi wa nane angeichukua familia yake na marafiki wachache, waendeshe magari kutoka Kitale hadi Lodwar, wapite Kalokol, wavuke kwa mashua mpaka kisiwa kimoja cha Ziwa Turkana, na huko walale ndani ya mahema siku tano. Hakuna aliyemtuma. Aliona kwenye simu picha ya mtu waliyesoma naye chuo, ameketi mbele ya hema, kikombe mkononi, mguu mmoja juu ya jiwe. Mtu yule darasani alikuwa nyuma yake kwa alama. Khaemba aliitazama picha ile wiki nzima, na wiki iliyofuata akaunda kamati.

Kulikuwa na kamati ya usalama, kamati ya chakula na kamati ya maombi. Kulikuwa na kauli mbiu. Kulikuwa na jedwali la hatari lenye rangi tatu.

"Mwenyekiti, hicho kisiwa si kina mamba?" aliuliza Kipkemei, mwenzake wa ofisini, ambaye gari lake lilikuwa limetiwa kwenye mpango kabla yeye mwenyewe hajaambiwa.

"Tumewaweka kwenye jedwali."

"Mmewaweka wapi?"

"Rangi ya manjano. Uwezekano wa kati, athari kubwa."

"Na mamba wamepewa nakala?"

Khaemba hakucheka. Mtu anayepanga kwa ajili ya kuonekana hana nafasi ya kucheka, maana kicheko hakipangiki.

Sasa, mtu huyu alikuwa na mama. Mama Rasoa aliishi Sirisia, upande wa Bungoma, mwendo wa kilomita sabini hivi kutoka mlango wa mwanawe. Alikuwa mjane, mguu mmoja ukimsumbua wakati wa mvua, na kwa muda wa miaka minne alikuwa akiomba kitu kimoja tu. Kila Jumapili akitoka kanisani alipiga simu.

"Khaemba, mtoto nitamwona lini?"

"Mayi, barabara ni mbaya. Gari yangu iko chini, itagonga mawe. Wacha watengeneze."

"Watu wanapita."

"Wanapita na gari za juu, mayi."

Mtoto aliyeuliziwa ni binti yao wa miaka minne aliyeitwa Shanel, jina ambalo Khaemba alilipata kwenye chupa ya manukato. Bibi yake hakuwa amemshika hata mara moja, wala hakuwa amempa jina la ukoo, kama bibi wa Kibukusu anavyostahili. Khaemba hakuwa amemsahau mama yake, tusimsingizie. Alikuwa amemweka kwenye jedwali, mstari wa ishirini na tisa: *Kumtembelea Mama. Robo ya nne, mwaka ujao, hali ya barabara ikiruhusu.* Gari lililo chini mno kwa Sirisia ndilo lililokuwa liende Turkana.

Wiki mbili kabla ya safari, kamati ya usalama iliamua kwamba si vyema watu wafike kisiwani bila kujua kulala nje. Ikapangwa siku tatu za mazoezi, Ijumaa hadi Jumapili, nyumbani kwa mwenyekiti. Mahema madogo yaliyoagizwa Nairobi hayakuwa yamefika. Khaemba akampigia Mukhisa, mkodishaji mahema na viti, mzaliwa wa Sirisia aliyehamia Kitale zamani.

"Nataka hema Ijumaa, nyumbani kwangu."

"Ni ya watu kulala, mkubwa?"

"Ya kulala. Familia yote na marafiki."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Na kuni za moto wa nje?"

"Moto lazima uwe. Hata nyimbo zitakuwa."

"Pole sana, mkubwa," alisema Mukhisa kwa sauti ya chini.

"Asante. Ni kazi nyingi, lakini tumejipanga," akajibu Khaemba, akidhani amepewa pole ya majukumu ya uenyekiti.

Katika kazi ya Mukhisa hakuna kuuliza ni nani aliyekufa. Ni utovu wa adabu. Unaleta hema, unapanga viti, unakaa kando.

Ijumaa ikafika. Lenah alikuwa zamu hospitalini, simu yake ikiwa kabatini. Khaemba alikuwa kwenye warsha ya kupanga namna ya kupanga, simu imezimwa kama ilivyoagizwa. Ufunguo wa geti aliuacha kwa Wahu, mama muuza mboga pale nje, ambaye pia humpokea Shanel akitoka shule ya chekechea saa sita.

Saa tatu asubuhi Mukhisa alisimamisha hema kubwa jeupe lenye vitambaa vya zambarau pembeni, akapanga viti vya plastiki hamsini, akashusha kuni. Saa nne akaja mtu wa kuchapisha nguo na katoni ya tisheti za safari. Wahu alifungua moja. Mbele ilikuwa na picha ya Khaemba mwenyewe, ana tai, anatabasamu. Chini ya picha ziliandikwa tarehe, na chini ya tarehe, kwa herufi kubwa, SAFARI NJEMA.

Wahu aliketi chini kando ya sukumawiki zake.

"Ati ni Baba Shanel?" alimuuliza Mukhisa. "Jana jioni si amenunua nyanya hapa?"

Mukhisa alivua kofia. Walijaribu simu ya Khaemba, imezimwa. Ya Lenah inaita bila kupokelewa. Mwenye simu iliyozimwa, hema uani na picha kifuani, ni nani atakayemtetea kwamba yu hai? Mukhisa akapiga simu Sirisia.

Saa kumi jioni Khaemba alishuka kwenye gari la Kipkemei, mkononi ana tochi mpya ya kambini. Akasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisani, ule wa kusindikiza, nao ulitoka uani kwake. Akaona hema jeupe, moto unafuka moshi, majirani wameinamisha vichwa. Halafu akaona watu wa Sirisia. Akamwona mzee Sifuna, mzee wa kanisa la nyumbani, yule ambaye hasafiri ila kwa mazishi, na wanawake wawili waliofunga leso kiunoni.

Kwake yeye kulikuwa na mtu mmoja tu Sirisia ambaye watu hawa wangeweza kuja kumlilia kwa nyimbo. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani, na hili alimwambia Lenah peke yake, baadaye, kilikuwa mstari wa ishirini na tisa. Robo ya nne. Mwaka ujao. Tochi ikamponyoka.

"Mayi," alisema, kisha akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. "Mayi wangu."

Wimbo ukakatika. Kiti cha mbele kabisa kikasogea, na Mama Rasoa akasimama, macho mekundu, mguu mbaya ukiburuta. Akamwendea mwanawe akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, namna mtu anavyogusa sufuria kujua kama ingali moto.

"Wewe ni mzima."

"Mzima, mayi. Na wewe?"

"Mimi nilikuja kukuzika." Akashusha pumzi. "Hii hema ni ya nani?"

"Ni ya mazoezi. Tulitaka tujifunze kulala nje."

"Kulala nje."

"Ndiyo, mayi."

"Nyumba iko?"

"Iko."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Umekosana na Lenah?"

"Hapana."

Mama Rasoa aligeuka. "Mzee Sifuna, umesikia? Ana nyumba, haivuji, bibi hajamfukuza, na anajifunza kulala nje."

"Ndiyo elimu ya siku hizi," alisema Sifuna. Majirani walitazama chini, mabega yakitikisika, na Kipkemei akajifanya anatafuta kitu ndani ya gari.

"Mmekuja na nini, mayi?" Khaemba aliuliza.

"Na rori ya mahindi."

"Barabara gani?"

"Si ile haipitiki." Akaketi. "Tumetumia masaa mawili, na dereva alisimama Chwele kunywa chai."

Wakati huo Shanel alikuja kutoka kwa Wahu, amevalishwa tisheti ya baba yake inayofika miguuni. Mama Rasoa alimwona. Hakuuliza ni nani. Mikono yake yote miwili ilinyooka yenyewe.

"Shanel, salimia kukhu," Khaemba alimwambia.

Mtoto alisimama akatazama huku na huku. Neno lile, ambalo kwa Kibukusu ni bibi, hakuwa amelisikia hata siku moja. Nyumbani kwao hakukuwa na wa kuitwa hivyo. Chini ya kiti cha Mama Rasoa kulikuwa na tetea mwekundu aliyefungwa miguu, aliyeletwa kwa ajili ya matanga. Uso wa mtoto ukang'aa. Akapita kando ya mikono ya bibi yake, akachuchumaa.

"Niaje, kuku," akasema.

Watu wakacheka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha. Mikono ya Mama Rasoa ilibaki hewani kitambo, kama ya mtu aliyetandaza nguo apimiwe nafaka na mpimaji akaondoka. Halafu akaiweka mapajani.

"Mtoto hana makosa," alisema. "Kuku amemwona. Kukhu ndiye hajamwona."

Khaemba alikuwa amekaa katika semina nyingi za uongozi, na hakuna hata moja iliyomfundisha mtu asimame wapi katika dakika kama ile.

Lenah ndiye aliyemwokoa, kama angeweza kuokolewa. Aliingia na sare yake ya kazi, akaelezwa kwa haraka na Wahu, akaenda moja kwa moja kupiga magoti mbele ya mama mkwe. Akamwita mtoto, akamkalisha mapajani mwa bibi yake, akasema, "Huyu ndiye kukhu. Ni mama yake baba."

Shanel akamkagua. "Na kuku?"

"Kuku ni wako," alisema Mama Rasoa. "Mimi ni kukhu. Toa hewa shingoni."

"Ku-khu," mtoto akajaribu.

"Alizaliwa hospitali gani huyu?" bibi akauliza.

Lenah alimtazama mumewe. Khaemba alikuwa amewatangazia watu wote, kwa maandishi, kwamba mtoto alizaliwa hospitali ya kulipia. "Hakufika hospitali, mayi," alisema Lenah. "Alizaliwa ndani ya gari, hapo Kiminini, kando ya barabara. Baba yake aliona aibu."

Mama Rasoa alimgeukia mwanawe. "Amezaliwa njiani na mimi sikuambiwa? Basi jina liko. Limemngoja hapo Kiminini miaka minne. Mtoto msichana wa njiani ni Nangila."

"Nangila ni nani?" mtoto akauliza.

"Ni wewe."

Hakuna aliyeondoka siku ile. Hema lilikuwa la siku tatu, kuni zilikuwepo, na watu wa msiba hawarudishwi na njaa, hata msiba ukikataa. Kabla ya chakula mzee Sifuna alitoa karatasi mfukoni akampa Khaemba. Ulikuwa wasifu wa marehemu, aliouandika ndani ya lori. Ulikuwa na mistari mitatu: *Alizaliwa Sirisia. Alisoma sana. Alienda Kitale.*

"Nilitafuta wa nne mpaka Kamukuywa," alisema Sifuna. "Nikauliza hata mama yako. Iweke. Ukipata kitu utajaza mwenyewe, mimi ni mzee."

Kuna watu wanaosoma maisha yao yakiwa yamekwisha andikwa, na bado kalamu iko mkononi mwao. Ni bahati ambayo wengi hawaipati, na wengi wakiipata huikunja. Khaemba aliikunja. Lakini aliitia mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Jumamosi asubuhi lori lilirudi kuchukua watu. Khaemba alimfungulia mama yake mlango wa gari.

"Hapana," alisema Mama Rasoa. "Gari yako iko chini. Itagonga mawe." Akapanda mbele kwenye lori. Wanawake walikuwa wamejigawia tisheti, maana nguo mpya haitupwi, na hivi leo kuna mashamba Sirisia yanayopaliliwa na watu wenye uso wa Khaemba kifuani, wakimtakia safari njema.

Akalifuata lori, Lenah kando yake, nyuma mtoto na tetea. Simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa Kipkemei: *Mwenyekiti, mazoezi yameendaje?*

"Mwambie awamu ya kwanza inaendelea," alisema Khaemba.

Lenah aliiweka simu chini bila kuandika kitu.

Walipita Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele. Khaemba aliendesha akingojea mawe. Lami ilinyooka mbele yake, nyeusi, imepigwa mistari myeupe, na kwa jinsi mistari ilivyofifia hakuweza kujidanganya kwamba imetengenezwa jana. Mbele yake lori likapunguza mwendo, likaingia kwenye njia ya ua wa michongoma.

"Baba," alisema mtoto nyuma, akiitoa hewa shingoni kama alivyofundishwa, "kwa kukhu ni mbali?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu walikuwa wameshafika.