Mioto Tisa ya Kilio

Consolée, mkulima wa muhogo nyuma ya Itebero, hakujua kwamba kijiji chake kimepata heshima ya kuandikwa kwenye mtandao. Habari hiyo ililetwa na Stéphane, mwanafunzi wa takwimu kutoka Goma, aliyetumwa na wakubwa wake kuhesabu waliokufa, akavuka msitu na kompyuta mgongoni, wiki mbili baada ya watu wenye bunduki kushambulia.

Alimwonyesha kurasa za tovuti nne. "Mama, angalia. Zote zinasema bantu tisa balikufa. Source ine za habari zikikubaliana, njo ukweli."

Hongera zao. Consolée alichimba makaburi siku tatu, na alipofika tisa hakupumzika.

"Dada yangu Généreuse iko wapi humo? Na batoto bake bane?"

"Uko na source, Mama?"

"Niliwazika mimi mwenyewe."

Stéphane, kijana mwenye adabu zake, akaandika: shahidi mmoja, haijathibitishwa.

Lakini mjinga kabisa hakuwa. Akasoma tena, safari hii taratibu. Tovuti ya nne ilinakili ya tatu, ya tatu ya pili, ya pili ya kwanza. Ya kwanza ilisikia redioni, na redio ilipigiwa simu na mwenye duka mmoja wa Itebero.

Consolée akacheka vibaya. Huyo si Papa Hubert, mzaliwa wa Butembo, muuza sabuni? Alipita na pikipiki yake, hata mguu hakuweka chini, akahesabu mioto ya kilio, ile ambayo kila nyumba yenye msiba huwasha uani. Akapata tisa, moto mmoja maiti mmoja.

"Moto inawashwa na mwenye kubakia," Consolée alisema. "Kwa Généreuse hakubakia muntu."

Stéphane aliona haya. Aliporudi Goma akaomba hesabu irekebishwe, wakubwa wake wakajibu kwamba shahidi mmoja hatoshi. Muuza sabuni, yeye, alikuwa ametosha.

Consolée hakungoja jibu lao. Akachukua kaa la moto jikoni, akaenda kuwasha kwenye ua wa dada yake, akimwomba msamaha kwa kuchelewa.

Papa Hubert akapita na pikipiki yake, akauona. Roho nzuri ile, akapigia redio simu siku hiyohiyo, na baada ya wiki tovuti zote nne zilisema kumi, zikikubaliana vizuri sana.

Consolée alipolisikia hilo alitembea mpaka dukani kwake.

"Papa Hubert, asante. Sasa niambie: kwa bale batano ba kwa Généreuse, mulichagua nani?"