Saa Tatu ya Maji Gani

Mwaka wangu wa tatu kufundisha hisabati Kiongoroni, kijiji cha delta ya Rufiji, niliamua kuacha ualimu. Kila jioni nilijifunza kwenye simu kazi ya kubuni programu: kitufe kikae wapi, mtu aone nini kwanza, atakwama wapi. Kampuni moja ya Dar ikanipa jaribio. Buni kitu kwa ajili ya watu wanaokuzunguka, walisema, wape wakijaribu, kisha utuonyeshe kwa simu ya video. Nikipata, naondoka. Nisipopata, sikuwa nimepanga kitu kingine.

Nikabuni programu ya ratiba ya boti. Ilikuwa safi, niliipenda. Nikampelekea nahodha gatini, akaitazama kwa adabu.

"Mwalimu, hii saa tatu ni ya maji gani?"

"Saa tatu asubuhi."

"Kesho saa tatu utakuta tope. Utaivuta boti na wanafunzi wako?"

Waliokuwa wakipakia mizigo wakacheka. Jirani yangu, mama muuza kaa, alicheka kuliko wote.

"Wa bara huyu. Miaka mitatu namgongea dirisha, 'Mwalimu, maji yamejaa,' kumbe yeye anadhani nafuata saa."

Ndivyo nilivyodhani. Mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu sikuwahi kumuuliza anajuaje.

Nikaifuta saa, nikaweka maji: yanajaa, yanakupwa, bamvua yanapopanda sana, maji mafu yanapopanda kidogo. Nilipomwonyesha jirani yangu, siku niliyokuwa nasafiri, alisogeza kurasa kwa kidole chenye harufu ya kaa, akazisifu rangi. Kisha akatupa jicho kwenye mizizi ya mikoko nyuma yangu, akaona maji yalipofikia, akaniambia kama nina wali jikoni nikaule sasa hivi, boti inaondoka. Simu yangu hakuitazama tena.

Siku ya usaili alinigongea mapema. Boti, bodaboda hadi Bungu, basi hadi Ikwiriri, nikakodi chumba cha gesti kwa ajili ya mtandao wenye nguvu tu. Dada aliyenisaili alisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Tatizo hili ni la nani?"

Nilikuwa nimeandaa jibu: la wanakijiji. Lilikuwa mdomoni kabisa.

"Langu," nikasema. "Wao wanajua."

Akaandika kitu. Ujumbe ulinikuta kwenye basi, kabla ya Bungu: wamemchukua mwingine. Nashuku uongo ungenisaidia. Wala sikusema kweli kwa sababu ya uadilifu. Nadhani nilikuwa nimechoka kukisifia kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Nilimkuta jirani gatini akifunga kaa magando kwa kamba.

"Umepata, Mwalimu?"

"Sikupata."

"Watakuita tena?"

"Hawaniiti."

Akamaliza kumfunga kaa, akachukua mwingine.

"Haya. Safari nyingine lini, nijue siku ya kukugongea?"

Nilifikiri kwa makini, kama ninavyowataka wanafunzi wangu wafikiri kabla ya kujibu. Kisha nikamwambia sina safari.