Vyumba vya Baba Udaa

Siku yangu ya kwanza kazini sikukalia kiti. Meneja wa tawi, mtu mpole asiye na maneno mengi, alinipakia nyuma ya pikipiki ya ofisi tukaenda Bonga kukagua nyumba ya kupangisha iliyowekwa dhamana, yaani mali ambayo benki huishikilia mpaka mkopo uishe. Nilikuwa nimetoka Iringa na cheti changu, najua kukokotoa riba. Yeye aligonga kuta, akawauliza wapangaji wanachota maji wapi, kisha akaniambia, "Binti, mwenye nyumba anasaini tu. Anayelipa mkopo ni mpangaji."

Nikawa afisa mikopo Babati, wakanihamishia Katesh, wakanipeleka Mbulu, halafu wakanirudisha Babati nikiwa mtu mzima, naitwa Mama Happy. Mikopo mingi nimeisahau. Wa Baba Udaa haujanitoka.

Alikuwa mfugaji kutoka upande wa Hanang, mwenye ng'ombe wengi na kiwanja chenye hati huku Nangara, hapa Babati. Malisho yalikuwa yanapungua, mashamba yanasogea, naye akataka vyumba vya kupangisha ili wanawe wasome. Wazo lilikuwa zuri. Shida ilikuwa mkopo wenyewe. Tawi letu halikuwa na mkopo wa nyumba wa muda mrefu. Tulikuwa na wa biashara, wa muda mfupi, ambao marejesho yake huanza mwezi unaofuata, nyumba ikiwa bado msingi.

Nilimwomba meneja wa wakati huo ampe muda wa kusubiri mpaka wapangaji waingie. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema makao makuu hawaruhusu.

"Nyumba ikichelewa, marejesho hayachelewi," alisema. "Mweleze hivyo kabla hajasaini."

Nilimweleza, mkewe akiwa pembeni, maana sheria inataka ridhaa ya mwenza. Mama Udaa hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia mumewe. "Miezi ambayo hakuna mpangaji, nani atalipa?"

Baba Udaa akajibu kwamba ng'ombe wapo. Mama Udaa akaivuta fomu, akaweka dole gumba.

Ujenzi ulichukua muda kuliko alivyotarajia, na kila mnada aliuza ng'ombe kulipa marejesho. Nyumba ilipokamilika, shirika moja likaipanga yote kuwa ofisi. Tulifurahi. Lakini baada ya malipo ya kwanza ya pango, Baba Udaa alikuja mezani kwangu, akanisalimia kwa utulivu, akasema amepunjwa. Nikamweleza kodi ya zuio: mpangaji akiwa taasisi, hukata sehemu ya kumi ya pango na kuipeleka serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba. Kiswahili chetu kinayaita yote mawili, pango na tozo ya serikali, kodi. Mzee akauliza:

"Yaani kodi yangu inalipa kodi?"

Nikasema ndiyo, na bado kuna kodi ya majengo, pango la ardhi linalolipwa serikalini, na ukarabati. Hesabu ya mkopo iliyopitishwa makao makuu ilikuwa imechukua pango zima, kana kwamba hakuna kitakachokatwa. Pengo lilikuwa dogo, ila lilirudi kila mwezi, na kila lilipomshinda alirudi mnadani. Kisha mradi wa lile shirika ukaisha, wakaondoka, vyumba vikakaa vitupu kuanzia masika mpaka mavuno. Nilimshauri auze nyumba, abaki na mifugo. Akakataa. Nyumba, alisema, ni ya watoto.

Aliumaliza mkopo bila kuchelewa hata mara moja. Zizi nalo likaisha. Katika kikao cha mwaka meneja aliutaja kama mkopo wa mfano, wenzangu wakapiga makofi.

Sasa nimestaafu, naishi Singe. Vijana wanaotaka kujenga vya kupangisha huja kuniuliza riba ni asilimia ngapi. Nawaambia waanze na swali la Mama Udaa, halafu watoe kodi zote, ndipo wazungumze habari ya riba.

Baba Udaa amefariki. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu mkewe. Vyumba vimejaa walimu na wafanyabiashara, na pango linalipwa. Nilimsifu kwa hilo.

"Watoto walisoma, sikatai," alisema. "Wako Arusha. Wakija wanalala siku moja, wanasema hapa hakuna kazi ya kufanya."

Akanimiminia chai, akaniomba radhi kwamba maziwa ni ya dukani.