Mabomba Tuliyofukua

Wewe ambaye naweza kukuambia mambo bila kufunga mlango, keti kidogo. Nataka kukueleza vile nchi moja huanza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Sitaanza na wakubwa. Nitaanza na kabichi za mke mwenza wangu.

Huku kwetu Kibirichia, mke wa ndugu ya bwanako unamwita mke mwenza. Wangu ameolewa na kaka mkubwa wa mume wangu. Shamba lao liko juu karibu na msitu, letu liko chini ya barabara. Kabichi zake huwa kubwa kama kichwa cha ndama. Tunaimba kwaya moja, na Jumapili tukiambiwa tupeane mkono wa amani ananishika vizuri kabisa, lakini macho yangu yako kwa viatu vyake. Huu wivu nimeuombea mpaka magoti yakawa na sugu. Bado uko. Mungu anaujua.

Mimi nilizaliwa Embu, kule upande wa ukame, kwa mbuzi na ndengu. Nikiwa msichana maji ilikuwa kazi ya siku nzima. Nilipoolewa huku juu nikaona mto unapita tu bila mtu kuubembeleza, nikasema Bwana asifiwe, nimefika.

Kisha ukaja mradi wa maji. Bomba litoke mtoni ndani ya msitu, literemke mpaka kwetu chini. Kila boma lilete mabomba yake na kuchimba kipande chake cha mtaro. Sisi wa chini tulikuwa na kiu, kwa hivyo tulileta yetu haraka, na mabomba yanalazwa vile yanakuja, kuanzia mtoni. Yetu yakalala huko juu msituni. Watu wa juu hawakuwa na haraka, si mto hauko mbali nao? Walileta mwisho. Yao yakalala huku chini, mbele ya mageti yetu. Hakuna mtu alifikiria hiyo maneno. Maji yalifika, tukaimba, tukachinja.

Halafu kiangazi kikaja. Watu wa juu wakawa wanamwagilia viazi kwa lile bomba bila kupumzika, na mfereji wangu unakohoa tu kama mzee. Nikipanda kwenda kanisani naona kabichi za mke mwenza zinang'aa. Zangu zilikuwa zimelala chini kama matambara. Kwa mikutano watu wakaacha kusema "sisi." Ikawa "watu wa juu" na "watu wa chini," hata kama ni mtu na shemeji yake. Hao wanasema maji ni yao, yanatoka kwao. Sisi tunasema jasho ni letu.

Siku moja watu wa juu wakasimama kwa mkutano wakatangaza wanajitoa, watakuwa na mradi wao peke yao. Mke mwenza akanigeukia mbele ya watu.

"Dada, kwani wewe kiu si umeizoea? Si ulizaliwa nayo?"

Watu wakacheka. Hata wa upande wetu walicheka.

Wakati huo nilikuwa nasoma gumbaru, masomo ya jioni ya sisi tulioacha shule mapema. Wiki hiyo hiyo mwalimu alitufundisha vile Amerika ilipigana zamani. Upande wa kusini ulilima pamba kwa kutumia watumwa na haukutaka kuwaachilia. Upande wa kaskazini haukutaka utumwa uenee. Wakagombana miaka mingi, kila upande ukijiona ndio umeonewa, mpaka majimbo ya kusini yakasema yanajitoa, moja likifuata lingine. Ndugu wakauana. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, si wangeachwa waende tu?"

Mwalimu akasema, "Nyumba mmejenga pamoja. Mwenye chumba cha kona akisema anahama na chumba chake, paa litashikwa na nini?"

Kwetu hakukuwa na watumwa, na sitaki kulinganisha maji na minyororo. Lakini hiyo ya paa ilinikaa.

Jumatatu watu wa juu wakateremka na majembe. Wanaenda na kilicho chao, wakasema. Wakafukua mabomba yao mbele ya mageti yetu, wakabeba mabegani. Mfereji wangu ukanyamaza kabisa. Mume wangu alisimama kwa geti akiangalia, kisha akasema polepole, "Na yetu je? Si yako kule juu?"

Nisikudanganye, nilifurahi. Niliona akilini zile kabichi zikikauka, nikasikia utamu kama asali.

Utamu uliisha nilipomwona anachukua panga pamoja na jembe.

"Jembe naelewa. Panga ni ya nini?"

"Ya kukata mizizi."

"Ni mzizi, ama ni kaka yako?"

Akashika njia ya msituni. Nikamfuata. Maji ningeishi bila, hiyo nilizaliwa nayo kweli, lakini sikuwa tayari kuishi na mtu ameua ndugu yake.

Tulimkuta kaka mkubwa amesimama ndani ya mtaro, amekanyaga bomba. Mke mwenza alikuwa nyuma yake, na watu wa pande zote wamejaa msituni.

"Toka hapo, hiyo ni yangu," mume wangu akasema.

"Ukiitoa, mimi ninywe nini?"

"Uliza mke wako. Yeye ndiye anajua kiu ni ya nani."

Wakashika bomba, huyu huku, huyu kule, wanavutana kama watoto na muwa. Panga ikainuka. Nilirukia ule mkono nikaung'ang'ania kwa uzito wangu wote, na ikashuka kando. Ingekuwa shingo. Ikawa vidole viwili vya kaka mkubwa. Mimi na mke mwenza tulivua vitambaa vya kichwa wakati mmoja, tukafunga ule mkono pamoja, damu imetupaka sisi wote, na hakuna aliyeuliza kitambaa ni cha juu au cha chini.

Yetu nayo tuliyafukua. Leo mabomba yamelala kwa kila boma, yanazaa nyoka. Hakuna mtu ana maji, juu wala chini. Sisi wote tunateremka bondeni kuchota mtoni. Mke mwenza ana punda, mimi nina mgongo, na ndiyo, namwonea wivu yule punda.

Kaka mkubwa hawezi kukamua tena. Kila asubuhi mume wangu anapanda huko, anakamua ng'ombe wa kaka yake, anaweka ndoo mlangoni, anarudi. Hawaongeleshani. Nyumbani tunakunywa chai nyeusi, na ile ndoo inabaki kule juu. Hiyo pia inaniuma, lakini sijawahi kumwambia aache.

Rafiki, sasa nakuomba. Kama kuna mahali watu wameanza kusema "wao" na "sisi," iwe ni mradi, ni kanisa ama ni hii Kenya yetu, wasomee haya maneno. Ukimaliza mpe jirani, na umwambie ampe yule ambaye hawasalimiani.